Nywila ya Umm Suhaib

Asubuhi, baada ya kuswali, Umm Suhaib aliweka birika la chai ya majani ya maramia mbele ya mumewe. Abu Suhaib alionja, akachukua kibao chake kidogo, akaandika: "Sukari imekwenda wapi?"

"Muulize daktari wako," alisema mkewe. "Mimi natii amri tu."

Mzee akacheka bila sauti.

Kwa miaka thelathini Abu Suhaib alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaa wao, katika mji wa Salt. Kisha koo likaugua. Madaktari walimpasua, wakayaokoa maisha yake, lakini sauti haikurudi. Alhamdulillahi, yu hai. Sasa husema kwa kibao.

Sauti yake imebaki katika rekodi tu. Ni visomo vya Kurani na adhana, alivyorekodi mkewe kwa simu kabla ya ugonjwa. Simu ile ilikufa zamani. Rekodi zote ziko kwenye akaunti moja ya mtandaoni, na hazina nakala nyingine popote.

Mtoto wao Suhaib, anayefanya kazi ughaibuni, alipokuja likizo alimwekea mama yake programu iitwayo Amana. Programu hiyo hutunza nywila zote, yaani maneno ya siri ya kufungulia akaunti. Mama hukumbuka moja tu, nywila kuu. Akishaiandika, huulizwa pia tarakimu sita zinazotokea kwenye simu yake na kubadilika kila baada ya muda mfupi. Hayo ni makufuli mawili. Umm Suhaib alikuwa ametulia.

Asubuhi hiyo simu ililia. Ujumbe ulisema hivi: "Tumegundua kasoro katika kufuli la pili. Sasisha programu na ubadilishe nywila kuu." Chini yake kulikuwa na ujumbe mwingine: "Jana mtu alijaribu kuingia kwa simu tusiyoijua. Alikosea nywila mara tano."

Mtu akiingia, anaweza kufuta kila kitu.

Alivaa mtandio, akapanda ngazi hadi kwa jirani yake Abir, anayefundisha kompyuta katika darasa la jioni la akina mama.

"Umebonyeza chochote kwenye ujumbe huo, shangazi?" aliuliza Abir.

"Hata kidogo. Nimesoma Ayatul Kursi, nikaja kwako."

"Vyote viwili vizuri. Twende kwako."

Walipofika, Abir hakugusa ule ujumbe. Alifungua programu yenyewe, akasoma taarifa iliyokuwa ndani.

"Ni kweli," alisema. "Unakumbuka siku Suhaib alipoweka kufuli la pili? Simu ilipiga picha ya mraba wenye vidoa vyeusi."

"Nakumbuka. Nilidhani ni pambo la zulia."

"Mraba ule ndio mama wa zile tarakimu. Aliye nao anaweza kuzitoa tarakimu kwenye simu yake mwenyewe. Sasa, waliotengeneza programu waliuweka mahali panapofunguka kwa nywila kuu peke yake. Ni kama kufunga milango miwili, halafu ufunguo wa mlango wa pili ukautundika nyuma ya mlango wa kwanza."

"Kwa hiyo mwizi akiijua nywila kuu..."

"Anapata na tarakimu. Makufuli mawili yanakuwa moja. Usiniambie nywila yako, shangazi. Niambie tu, kuna mtu anaweza kuikisia?"

"Nani ataikisia? Niliichagua mwenyewe."

Nje, muuza mboga alikuwa akipanda ngazi za mtaa. "Umm Suhaib! Nina majani mabichi ya mloukhia, Umm Suhaib!"

Umm Suhaib akainamisha kichwa. Uso ulimwiva.

Abu Suhaib akaandika haraka, akamwonyesha Abir kibao: "Hata muuza mboga anaitaja kila siku."

"Wewe nyamaza," mkewe alimwambia. Mzee akanyoosha mikono, kana kwamba anasema: nimenyamaza miaka miwili sasa. Wote watatu wakacheka, na Umm Suhaib akafuta machozi.

"Usione haya," Abir alimwambia. "Darasani kwangu wako sita kama wewe. Akina mama huku tunaitwa Umm fulani, mama wa fulani, kwa majina ya watoto wetu, na tunayapenda. Ndiyo maana si siri."

Wakaanza kazi. Kwanza walisasisha programu kutoka duka la simu. Kisha Umm Suhaib akageukia ukutani, akatunga nywila kuu mpya: maneno matano yasiyohusiana, ambayo hakuna anayemwita nayo. Halafu wakalifuta kufuli la pili la zamani na kuweka jipya, ili mraba wa kale usifae tena. Wakaziondoa simu nyingine zote zilizounganishwa. Wakabadilisha pia nywila ya akaunti ya rekodi. Namba za dharura, za kufungulia programu simu ikipotea, Umm Suhaib aliziandika kwenye karatasi, akaifungia kabatini.

"Na sauti yenyewe?" aliuliza.

"Tuichukulie nakala," alisema Abir, akachomeka flashi. "Kufuli zuri halizuii ajali."

Wakahesabu faili. Hakuna hata moja iliyopotea.

Wiki iliyofuata mtu yule alijaribu tena, akashindwa. Umm Suhaib alisoma taarifa hiyo, akasema alhamdulillahi, akaendelea kukunja nguo.

Jioni ya Alhamisi aliunganisha flashi na redio. Sauti ya Abu Suhaib ikajaa chumbani, ikisoma Suratu Maryam. Mzee alifumba macho, midomo yake ikifuata kila neno. Katikati ya kisomo sauti ilikatika kidogo. Kikasikika kikohozi, kisha sauti ileile, ya chini, ya nyumbani: "Najah, mpenzi, naomba maji."

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita kwa jina lake hilo tangu wazazi wake walipofariki. Umm Suhaib alisimama, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akanywa.