Makofi Nyuma ya Geti

Mai Ropafadzo ni rafiki yangu. Nilipojifungua alinifulia nepi wiki nzima, na sijawahi kumsikia akidanganya.

Mtaani kwetu hapa Harare maji yalikuwa yamekatika siku nne, na mwanawe wa miezi mitatu alikuwa anachemka kwa homa. Hakuwa na hata tone la kumkanda. Jioni umeme nao ukakatika, akamfunga mgongoni kwa mbeleko, akaenda na ndoo kwenye nyumba yenye bomba la kisima nje ya geti.

Jirani wa ng'ambo ya barabara akafoka dirishani, "Wewe mama wa ndoo! Humo hakai mtu tangu mwaka jana. Potea!"

"Mtoto anaumwa, bibi. Nabisha kwa heshima, nachota, naondoka."

"Heshima kampe mumeo! Nafungulia mbwa sasa hivi!"

Sisi hatuchoti cha mtu bila kubisha. Akachuchumaa, akakunja viganja na kupiga makofi polepole, kama wanawake wa huku tunavyosalimu. Ndani kabisa ya nyumba ile yenye giza, makofi yakamjibu.

Jirani akafunga dirisha. Mbwa wake waliokuwa wakibweka wakanyamaza.

Ndoo ilipojaa, akapiga makofi ya kushukuru. Jibu likatoka nyuma tu ya geti. Akajitwika ndoo upesi, na kwa mazoea akapiga ya kuaga.

Getini kukawa kimya. Jibu lilitoka mgongoni mwake, ndani ya mbeleko: makofi mazito, ya viganja vya mtu mzima.