Nakala Mbili za Seva

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, msichana mmoja wa darasa la saba aliinama chini ya meza ya sebuleni kuisalimu kompyuta yake. Ilikuwa kuukuu, zawadi ya mjomba wake aliyekuwa fundi wa kompyuta. Yeye akaigeuza kuwa seva, yaani ghala la mafaili ambalo simu zote za nyumbani ziliweza kulifikia. Kwa jinsi alivyoisifia, wenzake walimbandika jina hilohilo, Seva, naye akaliitikia kwa madaha.

Maoni nayo hayakumpungukia. Darasa lake liliporekodi sauti za wazee wakieleza kazi walizofanya zamani, ili zisikilizwe kwenye maonyesho ya shule, mwalimu alitaka kuzihifadhi mtandaoni, kwa kampuni moja ya mbali. Seva akasimama.

"Mwalimu, kitu chako kikikaa kwa mtu, masharti ni yake. Akiamua kufunga mlango, utapiga hodi mpaka uchoke. Mimi nitazitunza nyumbani."

"Na nakala ya pili?" mwalimu akauliza.

"Zitakuwa mbili, Mwalimu!"

Mwalimu akamwachia kazi hiyo. Kweli nakala zilikuwa mbili, ila zote alizipanga ndani ya diski moja, kwenye folda tofauti. Mjomba alikuwa amemwonya kwamba hiyo ni sawa na kuweka funguo mbili katika mfuko uliotoboka. Seva alimwona mjomba amepitwa na wakati.

Siku chache kabla ya maonyesho, diski ikagoma. Ililia ta, ta, ta, kisha kimya. Mjomba akaisikiliza, akaitikisa, akaiweka chini.

"Imekwisha hii, mpwa wangu. Pole."

Njiani kwenda shule Seva alimweleza jirani yake wa dawati, Kasuku, ambaye hakuwahi kukosa la kusema.

"Jana umeme si ulikatika? Sema umeme umeiunguza. Nani atabisha?"

Seva aliupenda uongo huo. Aliamua angeusema baada ya masomo, taratibu, kwa uso wa huzuni. Lakini walipoketi tu, mwalimu akatangaza, "Mliorekodi kwa simu za wazazi, leo futeni. Wazazi wanalalamika simu zimejaa, na Seva ana nakala mbili."

"Msifute!" Seva alijikuta amesimama. Kasuku akamkanyaga mguu, lakini hakuketi. "Diski imekufa, na nakala zote zilikuwa humo humo. Nilisema ziko salama bila kuwa na hakika. Kosa ni langu."

"Seva imezima!" mmoja akapiga kelele, darasa likaangua kicheko. Seva aliona aibu, lakini akapaza sauti.

"Nipeni mpaka siku ya maonyesho," alisema. "Nitazikusanya zote."

Hakulaza damu. Kila alasiri alipita nyumba kwa nyumba akinakili rekodi kutoka kwenye simu za wazazi. Wengine walikuwa wamekwisha kufuta hata kabla ya siku ile, na wazee waliorekodiwa nao ilibidi awarudie. Bibi mmoja aliyekuwa mshonaji alimkemea mlangoni, "Mara ya pili hii! Kwani sauti yangu mnaila?" Kisha akamvutia kigoda, akasimulia kwa urefu kuliko mara ya kwanza.

Maonyesho yalipofika, hakuna sauti iliyokosekana. Safari hii nakala moja ilikuwa kwenye diski mpya ya Seva, nyingine kwenye kompyuta ya shule, na ya tatu, baada ya kununa kidogo, akaifunga kwa nywila na kuipeleka mtandaoni.

"Maoni yako juu ya kampuni za mbali baki nayo, yana maana," mwalimu, ambaye Seva alikuwa amemsimulia hata ule uongo wa umeme, alimwambia mbele ya darasa. "Na diski hufa, hilo halina ajabu. Lakini ungesingizia umeme baada ya masomo, tungekupa pole, na wenzako wangekuwa wameshakwenda nyumbani na kufuta kila kitu. Kosa likisemwa mapema, bado kuna cha kuokoa."