Daftari la Safari za Bibi

Kila Jumamosi Kiroboto aliamka kabla ya kuitwa. Alifagia sebule, akapiga deki barazani, kisha akafuta vumbi kwenye vyombo vya ufundi vya Bibi. Jina la Kiroboto alipewa na Bibi mwenyewe, kwa sababu hakujua kutulia mahali pamoja. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na Bibi alikuwa amefariki mwezi mmoja uliopita.

Jumamosi hii kazi ilikuwa kubwa zaidi. Viti vya kuazima vilijaa sebuleni, kwani alasiri ndugu na majirani wangekutana kumkumbuka Bibi.

Bibi alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Kwa miaka thelathini alizunguka nchi baada ya nchi, kwa treni, kwa meli, na hata juu ya magunia ndani ya malori, akifufua mashine zilizokufa na kuwafundisha wanawake kushona. Alipoondoka nyumbani sanduku lake lilijaa nyuzi, mikasi na vitambaa. Aliporudi lilijaa upepo mtupu.

"Vitu vimeota miguu," alikuwa akisema, kumbe amevigawa vyote njiani.

Kiroboto alikuwa ameandika hotuba ya ukurasa mmoja na nusu. Yeye ndiye aliyelala chumba kimoja na Bibi tangu utotoni. Nani angemzidi?

Saa sita mchana waliingia wageni kutoka mji wa mbali: mama mmoja mshonaji, mwanafunzi wa zamani wa Bibi, pamoja na binti yake aliyevaa miwani. Bibi alikaa kwao miezi mitatu alipokwenda kutibiwa macho. Binti alikuwa amekumbatia daftari nene.

"Humu mna safari zote za bibi yangu," alisema kwa upole. "Alisimulia, mimi nikaandika."

Bibi yangu! Neno hilo lilimchoma Kiroboto kama sindano ya moto.

Mjomba, aliyekuwa msimamizi wa shughuli, alifurahi mno. "Basi huyu atasoma kwanza! Kiroboto, wewe utafuata, kama muda utaruhusu."

Kama muda utaruhusu? Kiroboto alimtazama yule binti akikaribishwa kiti kizuri, akimiminiwa chai, akipapaswa kichwa na shangazi. Kila aliyemsifu alikuwa kama amemnyang'anya yeye kitu.

Binti alipokwenda kuoga, aliliacha daftari juu ya kitanda. Kiroboto alifunga mlango, akalifungua. Alisoma habari za dhoruba baharini, za stesheni iliyofunikwa na theluji, za kiwanda ambacho mashine zake zote zilitengenezwa kwa siku mbili. Lakini alichokuwa akikitafuta ni jina lake. Alifunua hadi ukurasa wa mwisho. Halikuwemo. Alilisukuma daftari chini ya godoro, mbali kabisa, akatoka haraka.

Wakati ulipofika, daftari lilitafutwa kila mahali. Mshonaji alimfokea binti yake mbele za watu. "Nilikuonya! Umebeba kitu cha marehemu kama gazeti la kufungia karanga!"

"Mama, nililiacha pale kitandani," binti alijibu, machozi yakimlengalenga. Alisimama akajaribu kusimulia kwa kichwa. Alichanganya nchi, akarudi nyuma, akakwama. Watu wakaanza kunong'onezana, naye akaketi akiwa ameinamisha uso.

"Haya, Kiroboto," Mjomba alisema.

Nafasi aliyoitaka ilikuwa hiyo. Kiroboto alisimama, akakunjua karatasi yake, akasoma kwa sauti: "Bibi hakumnyima mtu kitu chochote..."

Sauti ikakatika. Alimtazama yule binti aliyeinamisha uso. Aliweka karatasi kitini, akaenda chumbani, akarudi na daftari mkononi.

"Mimi ndiye niliyelificha," alisema. "Yeye hana kosa."

"Makubwa!" shangazi alimaka.

Mama yake Kiroboto alimshika mkono, akampeleka jikoni. Hakupandisha sauti. "Kwa nini, mwanangu?"

"Mimi ndiye mjukuu wake! Kwa nini alimsimulia mtoto wa watu?"

"Nani alinunua daftari hilo?"

"Bibi."

"Na alimwomba nani kwanza aandike?"

"Mimi," Kiroboto alikiri. Alikumbuka. Wiki nzima kabla ya safari ya matibabu, Bibi alimwita kila jioni, naye alijibu, "Kesho, Bibi," akakimbilia kuruka kamba. Mwishowe Bibi alilitia daftari sandukuni bila kulalamika. Kiroboto alilia, si kwa hasira bali kwa majuto.

Alipotoka alimkabili yule binti. "Nisamehe. Nilikuonea wivu."

"Umenifanya nigombezwe mbele za watu," binti alijibu, macho makavu. "Mwambie mama yangu kwamba sikuwa mzembe."

Kiroboto alimwambia. Mshonaji alimgeukia binti yake na kumwomba radhi papo hapo. Kisha binti alisoma kwa muda wa saa nzima, na watu walicheka hadi kushika mbavu waliposikia jinsi Bibi alivyotengeneza cherehani cha ofisa wa mpakani ili apewe ruhusa ya kuvuka.

Kesho yake, wageni wakingoja muda wa kuondoka, Kiroboto alinunua daftari jipya. Binti alimsomea, naye akanakili. Mwanzoni walizungumza kwa kununiana. Kufikia ukurasa wa saba walikuwa wakibishana kama dada wawili.

"Bibi alikuja kwetu mimi sina hata sindano," mshonaji aliwaambia, "akaniachia ufundi. Je, alirudi kwenu akiwa amepungukiwa na ufundi wake?"

"Hapana," Kiroboto alijibu.

"Ndivyo na mapenzi yalivyo, binti yangu. Mapenzi si mkate, kwamba akikatiwa mwenzako wewe utabaki na makombo. Wivu ulikudanganya kwamba umeibiwa, ukakugeuza wewe kuwa mwizi. Lakini ulisema kweli huku watu wote wakikutazama, na hilo ni gumu kuliko kuandika safari mia."

Kiroboto alipangusa wino kidoleni, akamgeukia mwenzake.

"Haya, soma," alisema. "Bibi yetu alipofika mpakani, ikawaje?"