Kulungu Ng'ambo ya Waya

Friza ya Twila Sedlak ilikuwa karibu tupu. Ilibaki pakiti moja ya njegere na kipande cha keki kilichosahaulika tangu Pasaka. Kila mwaka, ikifika Novemba, mumewe Duane aliwinda kulungu mmoja, na nyama hiyo iliwalisha majira yote ya baridi. Lakini mwaka huu Duane alianguka kutoka juu ya paa la ghala. Mgongo uliharibika na kazi ya kiwandani ikasimama. Mshahara wa Twila wa kupika shuleni ulilipia nyumba na dawa, ukaishia hapo. Nyama yao ilikuwa bado iko msituni, inatembea kwa miguu yake.

Basi Twila ndiye aliyechukua bunduki. Alijifunza kuwinda alipokuwa msichana, akaacha alipoolewa. Jumamosi ya kwanza ya msimu aliamka kabla ya jua, akavaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, ili wawindaji wengine wamwone. Duane alikaa jikoni na mto mgongoni, akitoa amri kama jenerali mstaafu.

"Risasi umechukua?"

"Nimechukua."

"Kibali?"

"Kiko mfukoni."

"Kahawa je? Blanketi? Mkate?"

"Duane, nakwenda kuwinda, sihami."

Duane alicheka, kisha akashika mgongo. Hata kicheko kilimwuma.

"Ukae kimya huko juu," alisema. "Yule jirani asikusikie. Sijui ana wazimu gani."

Twila naye hakujua. Jirani yao aliitwa Aldo Pellegrino. Alikuwa dereva wa basi mjini, akastaafu, akanunua shamba la bondeni pamoja na mkewe Rosemary. Kiangazi cha kwanza walikuwa watu wazuri mno. Aldo alileta nyanya kikapu kizima, akakaa barazani kwao hadi jioni. Kisha msimu wa kuwinda ukaja, ukapita, na baada ya hapo hakuna salamu. Aldo alitundika vibao vya USIINGIE kwenye waya wa mpaka wote. Wakikutana dukani, aligeuza uso akasoma maandishi ya makopo ya maharage.

"Labda ni mbwa wetu alimsumbua," Twila alisema, akifunga kamba za viatu.

"Mbwa wetu alikufa kabla hawajahamia."

"Basi labda alisikia ulivyosema mchuzi wa mkewe una chumvi."

"Nilikuambia wewe, hapa hapa jikoni!"

"Kuta zina masikio, bwana."

Walicheka, lakini jambo lenyewe liliwaumiza. Kuchukiwa na mtu ni kubaya. Kuchukiwa bila kujua sababu ni kubaya zaidi, maana hujui hata uanzie wapi kuomba radhi.

Twila alipanda dunguni. Dungu lao lilikuwa jukwaa la mbao juu ya mti wa mwaloni. Baba yake Duane alilijenga zamani, shamba la bondeni lilipokuwa na ng'ombe tu. Lilitazama chini, hadi kwenye waya wa mpaka, na ng'ambo ya waya ilionekana nyumba ya Pellegrino.

Kulipokucha, kitu kilitikisika karibu na waya. Twila alifanya kama Duane alivyozoea kufanya, na kama Duane alivyofundishwa na baba yake. Aliinua bunduki, akachungulia kwa darubini iliyofungwa juu yake. Hakuwa kulungu. Alikuwa Rosemary, amekumbatia kuni. Twila alimwona vizuri kabisa, hata kifungo kilichokatika kwenye koti lake. Akashusha bunduki, akampungia mkono.

Rosemary alitupa kuni zote chini, akakimbilia ndani.

"Haya, na leo nimemfanya nini?" Twila alijiuliza.

Mara Aldo akatoka, akaingia kwenye gari lake, akaanza kupiga honi. Alipiga mfululizo, mpaka kunguru wote wakaruka kutoka mitini. Twila alikaa juu ya mwaloni, kichwa kinamzunguka. Alitaka kulia na alitaka kutukana, na hakujua aanze na lipi.

Honi iliponyamaza, alingoja muda mrefu kwenye baridi. Hatimaye kulungu dume alitokea kwenye vichaka vya upande wao. Nyuma yake kulikuwa na kilima cha udongo, hapakuwa na nyumba wala mtu. Twila alilenga, akafyatua. Kulungu alishtuka, akateremka mbio, akaruka waya, akaanguka chini ya mitufaha ya Aldo Pellegrino.

"Mungu wangu," Twila alisema. "Kati ya mahali pote!"

Alitoa risasi kwenye bunduki, akashuka, akaenda hadi kwenye waya. Aldo alikuwa amesimama nyuma ya rundo la kuni.

"Simama hapo hapo! Weka chini hiyo bunduki!"

"Haina risasi, Bwana Pellegrino. Ni mimi, Twila, jirani yako."

"Nakujua! Nanyi mnatujua sana, siyo? Mnatutazama vya kutosha!"

Twila hakuelewa hata neno. Aliiweka bunduki chini kwenye majani.

"Kulungu wangu yuko kwako. Nakuomba nimvute tu, niondoke."

"Ukivuka huo waya naita polisi."

"Lakini asipotolewa matumbo mapema, nyama itaharibika!"

"Iharibike!"

Twila alimtazama yule mnyama. Pale chini ya mitufaha palilala chakula chao cha miezi yote ya baridi. Ilikuwa hatua chache tu. Mguu wake mmoja ulitaka kuvuka, mwingine ukakataa. Akaokota bunduki, akarudi nyumbani.

Duane aliposikia, uso ulimwiva.

"Nani alimpiga? Si wewe? Basi ni wako! Vuka umchukue, na yeye apige honi mpaka apasuke! Au nipe fimbo yangu, nitakwenda mwenyewe."

"Utakwenda wapi? Hata soksi nakuvalisha mimi."

"Twila, ile ni nyama yetu!"

"Najua ni nyama yetu! Unadhani sijui? Lakini mle ni kwake. Mtu ana hasira, nami nimebeba bunduki. Hapo pana kitu kibaya, Duane, siwezi kukieleza."

Akachukua simu, akampigia askari wa wanyamapori.

Lyle Ehrhart alifika na pikapu yake kabla kahawa haijapoa. Alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye hakuwahi kuonekana akiharakisha. Alimsikiliza Twila mpaka mwisho.

"Kulungu amevuka mpaka, wewe hukuvuka," alisema. "Hapo umefanya sawa. Mnyama akiangukia shamba la mtu, unaomba ruhusa kwanza. Akikataa, huingii. Unaniita mimi."

"Nawe unamlazimisha?" Duane aliuliza kwa hamu.

"Hapana. Mimi nazungumza naye. Shamba ni lake."

"Na honi je? Kufukuza wanyama makusudi ni halali?"

"Siyo halali, na nitamwambia hivyo. Ngojeni."

Lyle alikwenda bondeni. Aliporudi, hakukaa. Alivua kofia, akaizungushazungusha mikononi.

"Anasema mnamwelekezea bunduki. Yeye na mkewe. Tangu mwaka jana."

"Uongo mtupu!" Duane alifoka. "Dungu letu liko mbali na nyumba yake, kama sheria inavyotaka! Hakuna aliyemwelekezea mtu bunduki hapa!"

"Umbali uko sawa, nimeupima kwa macho. Bi. Twila, asubuhi ulimwona Rosemary?"

"Nilimwona. Amebeba kuni. Nikampungia na mkono."

"Kutoka kule juu? Ulimtambuaje?"

"Kwa darubini."

"Darubini ipi?"

Twila alifungua mdomo, akaufunga.

"Ile ya bunduki," alisema polepole.

Lyle aliacha kuizungusha kofia.

"Lakini kila mtu hufanya hivyo!" Duane alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Baba alifanya hivyo. Kidole hakigusi kifyatulio. Unatazama tu!"

"Darubini imefungwa juu ya mtutu," Lyle alisema. "Inakotazama darubini, mtutu nao unatazama huko huko. Wewe unajua kidole chako kiko wapi. Yeye aliye dirishani atajuaje? Tena kidole huteleza, na mkono wenye baridi husahau. Bunduki haielekezwi kwenye kitu ambacho hujakitambua. Kwanza unakitambua, kwa macho au kwa darubini ya kuvaa shingoni. Ukishajua ni kulungu, na ukajua nyuma yake kuna nini, ndipo unainua bunduki."

Twila alimgeukia mumewe.

"Duane, kama Aldo angenielekezea bunduki mimi, ninaanika nguo, ungefanya nini?"

Duane aliusogeza mto mgongoni.

"Ningechukua yangu," alisema.

"Mkuki kwa nguruwe," Lyle alisema, wala hakumalizia.

Walishuka bondeni wote watatu, mikono mitupu. Duane alikwenda na fimbo yake, akipumzika kila baada ya hatua chache, akikataa kusaidiwa. Aldo na Rosemary walikuja hadi kwenye waya. Rosemary alisimama nyuma ya mumewe.

"Asubuhi nilikutazama kwa darubini ya bunduki," Twila alimwambia. "Sikuwa na nia mbaya. Lakini mtutu ulikuwa kwako. Nisamehe."

"Na mwaka jana ni mimi," Duane alisema, macho chini. "Siyo mara moja."

"Na hamkujua?" Aldo aliuliza. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyepewa chenji asiyoielewa. "Mwaka mzima mimi najiuliza hawa watu wanataka nini kwetu. Shamba? Watuue? Kumbe mlikuwa mnatazama tu?"

"Tulikuwa tunatazama tu. Mbona hukutuuliza?"

"Nije kugonga mlango wa mtu aliyenilenga?"

Duane aliegemea fimbo yake kwa mikono miwili.

Rosemary alisogea mbele kidogo. "Uliniona vizuri leo?" alimuuliza Twila.

"Vizuri. Niliona hata kifungo kilichokatika."

"Mimi sikuuona uso wako," Rosemary alisema. "Niliona tundu la mtutu tu."

Twila alilia pale pale. Aliona aibu, na akamwonea huruma mwanamke huyu aliyekimbia kwenye uwanja wake mwenyewe. Rosemary hakumkumbatia, lakini hakuondoka.

"Mchukueni mnyama wenu," Aldo alisema. "Na matumbo yake msiniachie hapa."

Lyle na Twila walimvuta kulungu hadi upande wao, wakamtoa matumbo, wakazika yote. Nyama ilikuwa bado nzuri. Aldo hakumpa mtu mkono siku ile, na Duane hakumdai.

Majira ya kuchipua, mgongo wa Duane ulipopata nafuu, walibomoa dungu la baba yake. Duane alizichomoa mbao moja moja. Walijenga jingine nyuma ya kilima, likitazama shamba lao wenyewe, mahali ambapo hata bomba la moshi la Pellegrino halikuonekana. Walinunua darubini ya kuvaa shingoni kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Kiangazi wakaenda kwenye darasa la usalama wa wawindaji. Duane alikaa nyuma kabisa, kati ya watoto waliomaliza kujibu maswali kabla yake.

Oktoba, Twila alikwenda kugonga mlango wa Pellegrino. Alikwenda mchana, kwa njia ya mbele, bila bunduki. Aldo alifungua nusu, akasimama mlangoni.

"Nimekuja kukuambia siku tutakazowinda," Twila alisema. "Nitakaa nyuma ya kilima. Ukiona jambo lolote, namba yetu ya simu ni hii."

Aldo alipokea karatasi, akaisoma mara mbili.

"Na kulungu akiangukia tena kwangu?"

"Nitaacha bunduki nyumbani, nitakupigia simu, nitaomba. Ukikataa, sitavuka."

Aldo aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Ndani Rosemary alikuwa anauliza ni nani.

"Ni jirani," Aldo alimjibu mkewe. Kisha akamwambia Twila, "Sitakataa."