Dole Gumba la Mzee Gidamis

Nina miaka hamsini na mitatu, wasomaji wenzangu. Nilizaliwa Bashay, Mbulu, lakini ujana wangu niliumalizia nyanda za Hanang nikiwa dalali wa ng'ombe. Mnadani walinijua: nahesabu wakiingia zizini, nahesabu tena wakitoka. Hakuna aliyewahi kunipunja. Aliyepunjwa ni mwingine... na mpunjaji ni mimi!

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, mihuri ya ofisini inang'aa. Wawekezaji walipita wakitafuta mashamba. Mmoja akalipenda eneo letu la malisho, lenye kisima kilichookoa mifugo kila kiangazi. Sheria ilimtaka apate kwanza ridhaa ya mkutano wa kijiji.

Mkutano ukaitishwa. Mzee Gidamis akasimama. Huyu ni mfugaji aliyeishi jirani na kisima, na ndiye aliyenikabidhi ng'ombe wa kwanza wa kuuza nikiwa sina hata kiatu.

"Mgeni ametuonyesha ramani," akasema. "Ng'ombe wangu watakunywa ramani?"

Watu wakacheka, wakakataa, wakaenda zao. Laiti mambo yangeishia pale!

Mimi nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa sababu ya mwandiko wangu. Siku tatu baadaye mtendaji wa kijiji, bwana nitakayemwita Boay, akaniita.

"Dalali gani wewe, unashindwa na mzee mmoja?" akanitania. Kisha akaacha utani. Mgeni angetoa mitamba wawili kwa atakayeleta muhtasari wa mkutano wenye sahihi za wanakijiji "waliokubali".

Sahihi ningezitoa wapi? Nikakumbuka mahindi ya msaada. Mwaka wa njaa mimi ndiye niliyeandikisha waliopokea, kila mtu akaweka dole gumba. Orodha ilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza uliandikwa juu "Waliopokea Mahindi". Wa pili haukuwa na kichwa... majina na madole tu. Nikauchomoa, nikaubana nyuma ya muhtasari wa uongo.

Jina la juu kabisa lilikuwa la Mzee Gidamis. Nililiona. Nikabana hivyo hivyo!

Mitamba wakaja. Nikawahesabu mara mbili, bado walikuwa wawili.

Uzio ukajengwa, kisima kikabaki ndani. Mzee Gidamis alipokwenda kulalamika akaonyeshwa dole lake. Yeye hakujua kusoma, lakini wanawe walijua. Kwa kuwa jina lake lilitangulia mengine yote, wakaamini baba yao amewauza kwa siri baada ya mkutano. Ukoo ukamtenga, watu wakaacha hata kukanyaga boma lake.

Akaja kwangu. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Waambie nilikataa."

Nilimjibu nini? Kwamba nitaangalia kwenye kumbukumbu... Kumbukumbu! Niliogopa jela. Akafa kabla ya mvua, na mwenzake wa kula naye alikuwa mkewe tu.

Mjane hakunyamaza. Akalalamika mpaka mpelelezi wa polisi akaja, akaitandaza ile karatasi mbele yangu. Wawili kati ya "waliokubali" walikuwa wamefariki kabla ya mkutano! Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, wafu sikuwahesabu hata mara moja.

"Afande, mimi sikumsainia mtu," nikajitetea. "Nilibana karatasi tu."

"Huko kubana ndiko kughushi," akajibu. "Mwizi wa mifugo huswaga ng'ombe. Wewe umeswaga watu kwa karatasi."

Nilidhani nina kosa moja. Mahakamani wakahesabu matatu: kughushi, kutumia waraka wa uongo, na kula njama. Boay na mimi tukafungwa. Ardhi ikarudi kijijini... lakini mzee je?

Nilipotoka nikaenda bomani kwake. "Shikamoo, mama. Nimekuja kukiri," nikamwambia mjane. Akawaita wanawe na wajukuu, akawapanga mbele yangu.

"Usiniambie mimi, mimi nilijua," akasema. "Waambie hawa."

Nikawaambia yote. Mwana mkubwa akauliza, "Mbona hukusema baba akiwa hai?"

"Niliogopa jela," nikamwambia.

Ndugu zangu, ukipewa kalamu ya kijiji, ya chama au ya kanisa, nakusihi, usimkubalishe mtu jambo alilolikataa. Na kama umeshafanya, kaseme leo, wakati uliyemuumiza bado ana masikio ya kukusikia.