Tambara la Mpimaji

Shemeji yangu si mwoga, na kuongopa hajui. Ndiyo maana nawasimulia. Kazi yake ni kupima matangi ya mafuta bandarini. Mchana mmoja wa jua kali alipanda juu ya tangi namba saba kulipima kabla meli haijaanza kushusha mzigo. Mji mzima ulikuwa siku ya tatu bila mafuta. Alipofunua kifuniko, tambara lake la kufutia futi, ule utepe mrefu wa kupimia kina, likamponyoka, likadumbukia gizani.

“Vipi huko juu?” msimamizi akauliza kutoka chini.

“Safi tu, bosi!”

Tambara huziba mabomba. Angesema ukweli, kazi ingeota mbawa.

Akateremsha futi yenye timazi mwishoni, kile kipande kizito cha shaba cha kuizamisha. Ilipaswa kugonga chuma, mita kumi na mbili chini. Ikaishia katikati, ikalegea. Akatega sikio. Mle ndani mafuta yalichuruzika taratibu, kama mtu anakamua nguo.

Kisha futi ikavutwa mara mbili, kwa upole.

Akaipandisha. Kwenye timazi lilikuwepo tambara lake, limekamuliwa hadi kukauka, limefungwa mafundo mawili. Lilikuwa bado na joto la kiganja.