Nguzo Iliyong'olewa Upenyoni

Dhoruba iliwakuta katikati ya upenyo, pale ambapo vilele viwili vinakaribiana na upepo haupati pengine pa kupita. Theluji haikuanguka kutoka juu. Ilikuja kwa ubavu, ikaingia masikioni, puani na ndani ya kola. Walikuwa watatu, wamefungana kamba moja viunoni. Mbele mwongozaji, katikati daktari wa meno, mwanamke aliyekuja milimani ili walau kwa siku chache asichungulie kinywa cha mtu, na nyuma kabisa mpima theluji, bomba lake la kupimia likimgonga mgongoni kila alipopiga hatua.

Mwongozaji alikuwa mdogo wake mke wa mpima theluji. Wenzake walimwita Kinyonga, kwa sababu hakuinua mguu wa pili mpaka amehakikisha wa kwanza umekaa. Walimtania, lakini kila mwenye mzazi au mtoto wa kupandisha mlimani alimtafuta Kinyonga.

Njia ya upenyo ilikuwa na nguzo nyekundu za chuma, na sheria yake ni moja: ukisimama kwenye nguzo, lazima uione inayofuata, hata hewa ikiwa mbaya. Kinyonga aliikumbatia nguzo aliyoifikia, akachungulia mbele. Akafuta miwani, akachungulia tena.

"Ya mbele siioni!" alipaza sauti. "Itakuwa imefukiwa!"

Mpima theluji alimsikia vizuri. Nguzo haikufukiwa. Haikuwapo kabisa, na aliyeing'oa ni yeye.

Ilikuwa hivi. Kazi yake ni kuchomeka bomba kwenye theluji mpaka liguse udongo, kulichomoa likiwa limejaa, kulitundika kwenye mizani, na kutoka hapo kusema ni maji kiasi gani yatakayoteremka mtoni jua likikaza. Pia alikuwa na mti wa chuma wenye namba wa kusomea kina cha theluji, umesimikwa bondeni chini ya upenyo. Mwanzoni mwa msimu poromoko la theluji liliukunja mti huo kama waya. Ofisi ikamwambia asubiri, na ofisi ikisema subiri, jitafutie kiti. Siku hiyo anga lilikuwa jeupe, nguzo za njia zikionekana zote toka upande huu hadi upande ule. Akaona hapana ubaya. Akang'oa moja, akaichora namba, akaisimika bondeni. Nitairudisha wiki ijayo, alijiambia. Wiki ijayo haikufika.

Sasa angeweza kusema. Angesema, na Kinyonga angejua kwamba hakuna ncha ya nguzo ya kutafutwa, angewarudisha kwenye kibanda cha juu walikotoka, wangekunywa chai huku wakimsema. Lakini aliona haya. Kumwambia shemeji mtu jambo kama hilo, tena mbele ya mteja wake! Akanyamaza, akijipa moyo kwamba wakisogea kidogo wataiona nguzo inayofuata baada ya ile.

"Nyoosha kamba," Kinyonga alisema. "Naitafuta ncha yake. Dokta, ukisikia navuta, kaa chini."

Alisogea, akichoma theluji kwa fimbo, huku na huku, akitafuta chuma ambacho hakikuwapo. Fimbo haikugonga kitu. Akasogea tena, upande wa kulia, ambako asingekwenda kamwe kama asingekuwa anatafuta. Chini ya theluji ya upande huo kilipita kijito. Maji yalikuwa yameila kutoka chini, yakaacha gamba jembamba juu.

Gamba likavunjika. Kinyonga akazama bila hata kupiga ukelele, na kamba ikamkokota daktari kifudifudi.

"Kaa! Chimbia visigino!" mpima theluji alifoka. Alijitupa nyuma, akachomeka bomba ardhini kwa nguvu zake zote, akalizungushia kamba. Ikashika. Walivuta, wakapumzika, wakavuta. Kilipotokea kichwa cha Kinyonga midomo ilikuwa imebadilika rangi, na mguu wa kushoto chini ya goti ulikuwa umeelekea pasipostahili.

Daktari alikuwa hajatibu mguu tangu alipokuwa mwanafunzi, lakini hakuanza kujieleza.

"Mvue nguo zote mbichi. Nani ana suruali kavu? Na nipatie kitu kilichonyooka."

Mpima theluji akampa suruali yake ya akiba, akafungua bomba lake, ambalo lilikuwa la vipande vipande. Daktari akaweka vipande viwili ubavuni mwa mguu, akavifunga kwa skafu yake na mkanda wa begi. Alipounyoosha, Kinyonga aliuma glavu mpaka akaitoboa.

"Vidole unavisikia?"

"Navisikia. Bora nisingevisikia."

Hakukuwa na pa kwenda. Walimburuta kuteremka hadi nyuma ya jiwe kubwa, wakachimba shimo kwa mikono na sufuria, wakaingia wakibanana, turubai juu yao. Gesi ilibaki kidogo. Waliyeyusha theluji, wakamnywesha majeruhi kwanza. Daktari alipotaka kula theluji mkononi, mpima theluji alimzuia.

"Itakuzidishia baridi. Ijaze kwenye chupa, weka chupa ndani ya koti. Polepole itayeyuka."

Giza likaingia. Upepo ulipotulia kidogo ndipo Kinyonga akaanza.

"Dokta, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Nimekupoteza. Miaka yote hii sijawahi kupoteza mtu. Niliiacha nguzo kabla sijaiona nyingine. Kosa la mtoto mdogo hilo. Nisamehe sana."

"Dhoruba ndiyo iliyotupoteza."

"Dhoruba haikukufunga kamba. Ni mimi."

Mpima theluji alikuwa amemkumbatia kwa nyuma ili ampe joto. Kila neno la yule kijana lilipita kifuani mwake kabla ya kumfikia daktari. Alifungua mdomo.

"Nyamaza, shemeji," alisema. "Pumzika. Utamaliza nguvu."

Lilikuwa neno la huruma, na daktari aliitikia kwamba ni kweli, apumzike. Hakuna aliyejua kwamba mtu aliyekuwa akimnyamazisha mgonjwa alikuwa akijiponya mwenyewe. Yeye alijua. Alijichukia, na chuki hiyo haikumtia joto wala haikumfungua kinywa. Kinyonga akapitiwa na usingizi, akazinduka, akaomba radhi tena. Ikawa hivyo hivyo hadi vilele vilipoanza kuonekana.

Asubuhi anga lilikuwa safi, safi la kuudhi. Nguzo nyekundu zilionekana mbali juu, zimepangana vizuri, na katikati yake pengo, kama jino lililong'oka. Daktari alilionyesha pengo hilo.

"Ilikuwa ya pale?"

"Ya pale," Kinyonga alijibu. "Imelala chini ya theluji. Ningetulia ningeipata."

Mpima theluji alianza kukunja turubai.

Kurudi juu hawakuweza, kwa kuwa wangelazimika kumbeba majeruhi kupanda mlima. Kushuka kulimaanisha kukivuka kijito kile mahali kilipotokeza nje na kuwa mto mdogo wenye hasira. Mambo hayo mpima theluji aliyajua vizuri. Mto wa theluji hulala na baridi na huamka na jua; alfajiri unaweza kuuvuka, mchana unakuchukua wewe na mzigo wako.

"Jua likishagusa ule mteremko, maji yanapanda," alisema. "Tuvuke sasa hivi. Hata viatu tusifunge upya."

Walimlaza Kinyonga kwenye turubai wakamtelezesha hadi ukingoni. Daktari alivuka kwanza, fimbo mkononi, maji yakimpiga magotini, akafunga kamba kwenye mwamba wa ng'ambo. Kisha mpima theluji akachuchumaa.

"Panda mgongoni."

"Shemeji, mimi ni mzito. Tukianguka tumekwisha wote. Dada atabaki na nani?"

"Panda, nimekwambia!"

Maji yalikuwa makali kama kisu cha bucha. Katikati ya mto jiwe liligeuka chini ya mguu wake, akapiga goti, maji yakamfika kifuani, mguu uliovunjika ukagonga mwamba. Kinyonga alilia kwa sauti. Mpima theluji akaishika kamba kwa meno na mikono, akasimama, sijui kwa nguvu za nani, akatembea. Katika hatua zile za mwisho alitamani aseme. Alitamani hata kuliko kufika. Lakini walifika, na daktari akawa anawavuta, na wote wakawa wanahema, na ule wakati ukapita.

Waokoaji waliwakuta chini ya msitu wa misonobari, wakipanda na machela. Mlinzi wa kibanda cha chini alikuwa amewasubiri jana yake, akaona chai inapoa, akapiga simu. Kiongozi wa waokoaji, mwanamke mwenye sauti ya mkuu wa shule, aliuliza walikopotelea.

"Upenyoni," alisema Kinyonga kutoka kwenye machela. "Nilipoteza njia mimi. Hawa hawana kosa."

Jinsi yule mwanamke alivyomtazama Kinyonga ilitosha.

Hospitalini mguu ulifungwa plasta kuanzia kidoleni hadi pajani, ukaning'inizwa kwa kamba na kapi. Usingekatwa, walisema, kutembea angetembea. Daktari wa meno alilazwa wodi ya wanawake, vidole vya mkono wake wa kulia vimevimba na kupoteza hisia kwa baridi ya usiku ule. Hakuna aliyejua kama vitashika tena koleo.

Mpima theluji alipoingia, mkewe alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mdogo wake, anamenya chungwa.

"Baba watoto, keti. Mwambie huyu aache upuuzi. Anataka nimpelekee mkuu wa waongozaji beji yake."

"Ataichukua tu mwenyewe, dada, anakuja mchana," Kinyonga alisema. "Heri niirudishe kwa hiari. Mtu akishapoteza mteja, atamwongoza nani tena? Nitatafuta kazi ya chini huku. Nitauza hata viatu." Akajaribu kucheka. "Vya mguu mmoja."

Mpima theluji hakuketi.

"Hukupotea," alisema. "Nguzo haikufukiwa. Niliing'oa mimi mwanzoni mwa msimu, nikaifanya mti wa kupimia. Iko bondeni."

Kisu cha mkewe kilisimama kwenye chungwa. Kinyonga alimgeukia shemeji yake.

"Ulijua pale pale? Niliposema imefukiwa?"

"Nilijua."

"Na kule shimoni?"

"Nilijua."

"Nguzo ningekusamehe kabla hujamaliza kusema," Kinyonga alisema taratibu. "Nani hajawahi kuazima kitu cha watu? Lakini usiku kucha namwomba yule mama radhi, wewe umenikumbatia, unaniambia ninyamaze."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, mpima theluji angeona nafuu.

"Shemeji, nisa—"

"Usianze na mimi." Kinyonga aliinua mkono, ukabaki hewani kidogo, ukashuka kwenye shuka. "Nenda wodi ya wanawake. Kamwambie yeye kwanza, na umwangalie vidole vyake ukimwambia. Halafu umsubiri mkuu pale mlangoni, umwambie naye."

"Halafu?"

Kinyonga aliutazama mguu wake uliotundikwa kwenye kamba.

"Halafu urudi. Mimi siendi popote."

Mpima theluji alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameinama, anaendelea kumenya chungwa ambalo lilikwisha kumenyeka. Mpima theluji akatoka, akafuata ukuta hadi wodi ya wanawake, na alipofika mlangoni alianza kusema akiwa bado amesimama, kabla daktari hajamwitikia hodi.